UZI: Babu alipigana Bama, lakini alichokuwa anasimulia ni chakula tu. Wenye wazee wa vitani karibuni

Mjukuu wa Keya (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeukalia miaka. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza lililochukua vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Mwaka 1944 alipelekwa Bama (Myanmar ya leo) na Divisheni ya 11, ile yenye alama ya kifaru, yule mnyama, begani. Alirudi mzima, akazeeka, akafia kitandani kwake. Miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akisimulia kuua mtu. Tukimbana, "Babu, Wajapani wangapi?", anatema ugoro pembeni, anajibu, "Mimi nilipigana na biskuti."

Tulikuwa tunacheka, tukijua anakwepa. Siku hizi naona alikuwa anajibu swali.

Biskuti yenyewe si hii ya kuchovya kwenye chai. Hiyo ukiichovya, chai inapoa biskuti ingali ngumu. Mwenye jino bovu alikuwa anaikabidhi kwa rafiki amtafunie kipande. Babu alikuwa na mtindo wake: anaifunga kwenye kitambaa, anaiponda kwa kitako cha bunduki (koplo akiwa hayupo, maana kitako kikipasuka ni kesi), vumbi lake analimimina kwenye mestini (kile chombo cha bati cha askari cha kulia) na maji, anakoroga kwa kidole. Sukari ikiwepo ni uji. Sukari isipokuwepo, alisema, ni gundi.

Nilichelewa sana kuelewa kwa nini watu waliolelewa kwa ugali wale biskuti wakati unga walikuwa nao kwenye mgao. Siku moja akanieleza kama anayefundisha mtoto wa chekechea. Ugali unataka moto, sufuria na watu waliotulia mahali pamoja. Bonde la Kabaw halikuwapa hata kimoja. Walianza kulishuka Agosti, katikati ya mvua za kule, mvua ambayo kwa maneno yake "hainyeshi, inakaa". Kuni zimelowa hadi kiini. Ukibahatika kuwasha, moshi unapanda juu ya miti na mpiga mzinga wa Mjapani anajua pa kuelekeza. Jua likizama, moto ni marufuku kabisa, hata sigara unaivutia ndani ya kofia. Basi unga unabebwa, unaloa, unaota ukungu wa kijani, unatupwa. Biskuti haioti chochote. Hata mchwa waliiacha.

Kuna mji mdogo mpakani mwa India na Bama unaitwa Tamu. Ndilo jina lake kweli, fungueni ramani. Vijana wa Kiswahili waliposikia wanaelekea Tamu walishangilia. Walipokaribia, harufu iliwapokea kabla ya mji. Mwezi Machi mwaka huohuo Wajapani walikuwa wamevuka kwenda kuuteka mji wa Imphal, India, wakiwa na chakula cha wiki tatu hivi na ng'ombe wa kuswaga, wakitegemea kula kwenye maghala ya Mwingereza wakishayateka. Hawakuyateka. Walivyorudi nyuma Julai, njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Babu alimkuta mmoja ameegemea gurudumu la lori, amekufa siku nyingi, mapajani ana kibakuli, ndani ya kibakuli kuna majani yaliyokatwakatwa vizuri kabisa kama mboga. Alilirudia sana hilo neno, "vizuri kabisa". Anasema kuanzia hapo hakulalamikia tena biskuti. Kwa siku mbili.

Chakula chao kilitoka juu. Barabara ilikuwa tope la magoti, kwa hiyo ndege za Dakota ndizo zilizowalisha. Vitu vya kuvunjika vilishushwa kwa miamvuli, lakini magunia ya nafaka yaliachiwa hivihivi, gunia ndani ya gunia ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Gunia likitoka kule juu haliulizi cheo. Amri ilikuwa kukaa mbali na uwanja mpaka ndege imalize, na kila mara kulikuwa na mmoja mwenye njaa aliyetangulia. Babu aliogopa magunia mpaka uzeeni. Ukipanga magunia ghalani yakapita kichwa cha mtu, haingii.

Halafu tembe ya njano, mepakrini, ya malaria. Kila siku, mbele ya sajini, meza, fungua mdomo, inua ulimi. Ngozi inageuka njano. Uvumi ulienea kwamba inaua nguvu za kiume, watu wakawa wanaibana shavuni na kuitema. Babu aliimeza zote. Alizaa watoto tisa.

Sasa nataka kusikia kwenu. Mbinu za kivita ziko nyuzi nyingine. Hapa nataka: mlikula nini, mlilala wapi, mlijisaidia vipi.

Mchokonozi

Uzi bila picha ni hadithi za bibi. Mestini ya mzee ipo?

Mjukuu wa Keya

Ipo. Nitaifikia, tulia.

Mama Tano

Nimeweka kambi hapa na chai yangu. Kweli babu zetu walikuwa na ulimi mmoja. Wa kwangu naye, Gondar kule Ethiopia, 1941. Alichotusimulia ni baridi na kondoo. Habari za Mwitaliano hatukuzisikia kabisa.

Karani wa Stoo

Mkuu mleta uzi, mimi nimekaa stoo za jeshi maisha yangu ya kazi yote, vita naisoma kwa kilo. Nikurudishe nyuma kidogo, 1914 mpaka 1918, vita ya Mjerumani na Mwingereza hapa hapa kwetu. Hesabu ya chakula ya vita ile ikikuingia kichwani hutalala vizuri.

Mwingereza alimsukuma Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, kutoka upande wa Kilimanjaro, Agosti 1916 akaingia Morogoro, Septemba Dar es Salaam. Penye reli mambo yalikwenda. Ukiiacha reli ukashika kusini, kuelekea Rufiji, unakutana na mbung'o. Farasi, nyumbu, maksai wa mikokoteni, wote wakafa. Malori yakazama kwenye tope. Kilichobaki cha kubebea ni kichwa cha binadamu.

Sasa shika kalamu. Wapagazi 100, kila mmoja kichwani kilo 25 za unga. Umeondoka stoo na kilo 2,500. Mtu anakula kilo moja kwa siku. Kambi ya mbele iko mwendo wa siku 10. Wakifika wamekula 1,000. Lazima warudi, 1,000 nyingine. Umemkabidhi mpiganaji kilo 500. Isogeze kambi siku mbili na nusu tu mbele, hufikishi hata punje: wapagazi wamekwenda na kurudi wamejilisha wenyewe, na kule mbele watu wanawasubiri.

Ukitaka kufikisha zaidi unaongeza wapagazi, na wapagazi nao wanakula. Au unapunguza posho yao njiani. Mnajua kilichofanyika mara nyingi.

Ndiyo maana walikusanywa watu kwa idadi isiyoaminika. Upande wa Mwingereza peke yake wanakadiriwa kufikia milioni moja kwa vita nzima, na waliokufa takriban 95,000. Risasi iliua wachache. Waliobaki ni kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Na kuhara kwenyewe sehemu kubwa kulianzia kwenye sufuria.

Leo tunasema ugali ni chakula chetu tangu Adamu. Miaka ile wengi waliochukuliwa walikuwa watu wa ndizi, wa wali, wa mtama na ulezi. Tumbo halijauzoea unga wa mahindi. Unga wenyewe umesagwa vibaya, chenga tupu. Mpagazi anafika kambini giza limeingia, kuni mbichi, sufuria moja kwa watu wengi, mvua juu. Unakorogwa, unaliwa nusu mbichi. Siku ya tatu matumbo yamechafuka, na asubuhi mzigo uko palepale, kilo 25, haujapungua hata chembe kwa sababu si wako wa kula. Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Mtu anakufa kwa njaa na amebeba unga kichwani.

Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, majina yote mawili yametokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza. Watu wanakwenda pale kununua vitenge. Na ile Sanamu ya Askari mjini Dar, iliyosimamishwa 1927, maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Aliyesimama juu na bunduki ni askari peke yake.

Mchokonozi

Hapo kwenye "si wako wa kula" nimekaa chini.

Na wa Mjerumani walikula nini? Maana wao walizungukwa, meli hazifiki.

Karani wa Stoo

Zilifika mbili za kupenya, mwaka 1915 na 1916. Baada ya hapo walijitegemea. Kwinini waliichemsha wenyewe kutokana na magome ya mti wake, kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara ndicho kilichowafundisha njia. Ilikuwa chungu kiasi kwamba mgonjwa anaweza kupona kwa woga. Mkate waliuoka kwa mahindi, mtama na muhogo. Mafuta ya kupikia, kule Rufiji, yalitoka kwa kiboko. Waliwinda kiboko na tembo kwa ajili ya mafuta kama sisi tunavyokwenda dukani na chupa.

Halafu wakawa jeshi la kula cha adui. Novemba 1917 walivuka Ruvuma wakaipiga kambi ya Wareno pale Ngomano, na nia yao kubwa ilikuwa stoo: chakula, bunduki, risasi. Julai 1918 wakaiteka Namakura, ndani kabisa ya Msumbiji, wakakuta kiwanda cha sukari na maghala yamejaa mpaka mvinyo. Wakala, wakanywa, wakabeba walichoweza. Walisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Tumbo lao halikushindwa.

Na wao pia walikuwa na wapagazi, msisahau. Na wake wa askari na watoto nyuma ya msafara, wengine wamezaliwa safarini.

Mama Tano

Karani umenigusa kwenye neno posho. Nataka niwarudishe darasani dakika moja.

Kabla ya vita, misafara ya pembe za ndovu ilikuwa inampa mpagazi kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa akanunue mwenyewe njiani. Hiyo ndiyo posho. Haba na haba hujaza kibaba, mwenye kusema hivyo alikuwa anasubiri mgao. Jeshi likalichukua neno likiwa zimazima. Sasa angalieni lilivyotawanyika. Uganda ukiagiza posho unaletewa ugali. Kenya posho mili ni mashine ya kusaga. Kwetu Tanzania posho ni bahasha ya kikao.

Neno moja, kutoka kwa mtu mwenye mzigo kichwani mpaka kwa mtu mwenye maji ya chupa mezani.

Mchokonozi

Mama Tano bahasha yangu ya kikao cha Ijumaa umeiharibu rasmi.

Ila niwachokonoe na mimi. Mnasimulia askari alikosa nini. Mnasahau alichokula kilitoka kwa nani. Muulizeni Mgogo kuhusu Mtunya. Jeshi la Mjerumani lilipita Ugogo likichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba. Mwingereza akaja akachukua vilevile. Mvua nazo zikagoma. Kuanzia 1917 ikaanguka njaa mpaka leo wazee wanahesabu umri kwa hiyo, huyu kabla ya Mtunya, huyu baada. Si risasi iliyowaua kule. Walikula tu wakaondoka.

Karani wa Stoo

Sina la kupinga. Kwenye daftari zetu huwa panaandikwa "vimepatikana njiani".

Mwanamgambo 78

Vijana, nimesoma kimyakimya tangu jana. Macho hayaoni vizuri, mjukuu ananichapia, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake.

Mimi ni wa vita ya Kagera. Nilikuwa mgambo, miaka kumi na tisa, nimemaliza la saba nalima. Amin alipovuka mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likalipuliwa, Mwalimu akatangaza pale Novemba kwamba uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sisi kijijini tuliongeza la nne, viatu hatuna. Tulichukuliwa mgambo makumi ya maelfu nchi nzima. Watu walichanga ng'ombe, unga, malori ya watu binafsi na mabasi yakaingia kazini. Niliondoka nyumbani kwenye lori lililoandikwa nyuma jina la mwanamke. Nikaliona tena miezi mitano baadaye barabara ya Masaka, vioo vyote hakuna, jina bado lipo.

Mnauliza chakula. Tukiwa kambini kabla ya kuvuka, hakuna shida: dona na maharage, mchana dona na maharage, usiku mpishi anabadilisha anatia maharage kwanza. Shida inaanza mkitembea. Vita ile tulitembea. Watu wanasikia vifaru na mizinga wanadhani tulipanda. Jeshi la miguu lilitoka mpakani mpaka Kampala kwa miguu, na jiko haliwezi kwenda mwendo wa mguu wa mtu anayefukuza. Jiko linabaki nyuma siku moja, siku mbili. Unakula ulicho nacho mfukoni.

Na kulikuwa na ndizi. Ndizi kila upande, kama bahari. Sasa mimi natoka nchi ya mtama. Siku ya kwanza nimeikuta ndizi mbichi nikaimenya kwa meno na vidole kama ndizi mbivu. Utomvu ukanishika mikono, ukawa mweusi, hautoki kwa maji, hautoki kwa mchanga. Mwenzangu mmoja, Mhaya, alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Akanionyesha: pakaa mafuta ya bunduki vidoleni kwanza, kisha menya kwa kisu ndani ya maji. Sajini alipoona tunamalizia mafuta ya bunduki kwenye ndizi, alituambia maneno ambayo mjukuu amekataa kuyachapa. Baadaye tukaacha kumenya. Unaifukia kwenye majivu na ganda lake, inaiva, unaipasua. Bila chumvi haina maana yoyote.

Chumvi, vijana. Msiniulize dhahabu. Mimi nilikuwa nayo kwenye kipande cha kitambaa nimekifunga fundo, nimekishona ndani ya mfuko wa shati upande wa moyo. Jasho likiingia inaloa, ikikauka inakuwa jiwe. Ukitaka kula unalilamba jiwe, unatafuna ndizi, unalilamba tena. Nilikuwa napokea sigara tatu kwa kulamba mara moja. Mnacheka, lakini kulikuwa na foleni.

Kulala ni handaki. Unachimba jioni umechoka, usiku mvua inajaa ndani, unalala umekaa na maji kiunoni, bunduki umeiegemeza begani mdomo juu. Asubuhi vidole vya miguu vimekuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mfua nguo. Kuna wakati nilivua buti soksi ikabaki na ngozi. Kujisaidia: mchana huendi mbali, usiku huendi kabisa. Mengine jazeni wenyewe.

Sauti ninayoikumbuka si ya bunduki. Ni mizinga yetu ya roketi, ile Waganda waliipa jina Saba Saba. Ikianza, hata wewe ambaye ni yako unainama. Siku ya kwanza kuisikia nilikuwa nimeshika mestini ya chai. Chai niliyoisubiri siku tatu. Niliinama nikaimwaga yote. Niliumia kuliko nilivyoumia siku niliyopata jeraha, Mungu anisamehe.

Masaka ilianguka Februari 1979. Lukaya, Machi, pale kwenye kinamasi, sitaki kupasimulia. Kampala tuliingia tarehe 10 na 11 Aprili. Wananchi walitoka na vyakula. Mama mmoja alinipa matoke kwenye jani, ya moto, na karanga za kusaga juu. Nilikula nimesimama, bunduki begani, mikono bado ina ule weusi. Hiyo ndiyo Kampala ninayoijua.

Nikarudi nyumbani. Mwalimu akasema tufunge mikanda miezi kumi na minane. Mama yangu akanituma kwenye foleni ya sukari.

Mchokonozi

Mzee wangu shikamoo. Nafuta utani wangu wote wa huko juu.

Swali moja tu kama hutajali: yule Mhaya?

Mwanamgambo 78

Marahaba. Amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Mara ya mwisho nilikwenda kule siku ya mashujaa, nilibeba chumvi kidogo mfukoni. Walinzi hawakuona.

Mama Tano

Nimesimama kwanza. Narudi baadaye.

Karani wa Stoo

Mzee wetu, hiyo ya jiko kubaki nyuma siku mbili, nimeiandika mara nyingi kwenye ripoti kama "ucheleweshaji". Sikuwahi kuijua kwa upande wa anayesubiri. Niliwahi kutuma nyama ya kopo bila kifungulio, makopo mamia, nikajiambia askari wana singe. Mnakumbuka mlifungua na nini?

Mwanamgambo 78

Singe inaponda, haifungui. Unasugua mdomo wa kopo kwenye jiwe la sakafu mpaka ukingo unalika, kisha unabinya kwa mikono, kifuniko kinatoka. Dakika tano. Halafu kopo tupu hulitupi. Ndilo kikombe, ndilo sufuria, usiku ndilo choo. Ukitundika mawili kwenye waya mbele ya lindo na kokoto ndani, mtu akigusa unamsikia.

Mjukuu wa Keya

Nimesoma kwa sauti hapa nyumbani, watu wameacha televisheni.

Mchokonozi, nakuja kwenye mestini. Picha imegoma kupanda, naieleza. Ni ya bati la alumini, ya mviringo wa yai, mkono wake wa kukunja umekatika na kufungwa waya wa shaba. Pembeni ana namba yake ya jeshi kaichonga kwa ncha ya msumari. Chini ya namba kuna mistari midogo, nikiwa mtoto nilidhani ni Wajapani aliowaua. Tulihesabu sana ile mistari, mimi na binamu zangu. Arobaini na moja. Tukajigamba nayo shuleni.

Nilimuuliza akiwa mgonjwa, mwaka wa mwisho. Akaivuta karibu na macho, akapitisha kidole. Desemba ile, walipofika Kalewa na mafundi wa jeshi wakajenga lile daraja la chuma juu ya mto Chindwin, zaidi ya futi 1,100, malori yakaanza kupita na majiko ya kweli yakafika. Usiku huo wakapikiwa ugali na nyama mbichi ya kuchemsha. Ile mistari ni siku alizozihesabu kabla ya hapo bila kula kitu cha moto.

Nikamwambia babu, mbona mstari wa mwisho umekatwa kwa msalaba. Akasema huo ni wa ugali wenyewe, ulikuwa haujaiva.

Mestini sasa ni kipimo cha pumba za kuku kwa bibi. Nimemwomba anipe, amesema niende nikanunue kipimo kingine kwanza.